Hodi Kabla ya Kuingia: Siri ya Nyumba, Haki ya Kujua na Usalama wa Mji



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake. Wasomaji wetu wapenzi, mama zetu, dada zetu na wakuu wa majumba, leo tunaomba tuanze kwa kuungama kosa. Kosa ni letu wenyewe, lakini somo lililotokana nalo ni la kila nyumba.

Katika Ramadhani moja iliyopita, madrasa tunayoisimamia kaskazini ya Malindi, upande wa Mto Sabaki, ilipata wafadhili waliotaka kuwalisha wajane na mayatima. Wafadhili walitaka ushahidi kwamba chakula kimewafikia wanaostahiki, na hiyo ni haki yao, kwani mali ya sadaka ni amana. Tukatengeneza orodha. Tukaandika jina la kila mama, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, idadi ya watoto, na sababu ya kukosa mume: huyu amefiwa, huyu ameachwa, huyu mumewe hajulikani aliko. Tukampiga kila mmoja picha ameshika mfuko wa unga. Orodha na picha tukazituma katika kikundi cha WhatsApp cha wafadhili. Kabla ya Idi zilikuwa zimeingia katika vikundi vya mtaa, na kutoka hapo hatujui ziliishia wapi.

Siku chache baada ya Idi, mmoja wa mama wale alikuja barazani kwetu baada ya Alasiri, amefuatana na kaka yake. Akatueleza kwamba mtu asiyemjua amempigia simu, akamtajia jina lake kamili, nambari ya kitambulisho na idadi ya wanawe, akajidai ni mtu wa ofisi ya misaada, kisha akamtaka nambari ya siri ya M-Pesa. Alhamdulillahi, mama alikuwa mwerevu, akakata simu. Lakini mtu mwingine amekuwa akimpigia usiku, kwa sababu sasa anajua kwamba nyumba ile haina mwanamume. Na bintiye huko shuleni amepewa jina: mtoto wa unga. Kisha akatuambia neno ambalo mpaka leo halijatutoka moyoni: "Sheikh, ule unga tuliula siku tisa ukaisha. Picha bado iko."

Hatukuwa na la kumjibu ila kumwomba radhi. Na wiki ile ile afisa mmoja wa usalama alitujia kwa adabu, akaomba nakala ya orodha hiyo hiyo, kwa ajili ya wale waume wasiojulikana waliko. Basi orodha moja ikawa na madai matatu juu yake: mama anataka sitara yake, mfadhili anataka kujua mali yake imekwenda wapi, na dola inataka kulinda mji. Yote matatu yana haki ndani yake. Tulilazimika kurudi vitabuni, na kuisoma sheria ya nchi pia, ili tujue kila haki inaanzia wapi na inakomea wapi. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Nyumba na mlango wake

Dini yetu iliijengea nyumba hishima kabla ya katiba yoyote kuandikwa. Katika Surat an-Nur, aya ya 27, Mwenyezi Mungu amewakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe. Katika aya ya 58 ya sura hiyo hiyo, hata watoto na watumishi wa ndani wamefundishwa kuomba ruhusa nyakati tatu: kabla ya Alfajiri, wakati wa kupumzika adhuhuri, na baada ya Isha. Tazameni jambo hili kwa makini. Mtoto amezaliwa na mama yule, anakula naye na kulala chini ya dari moja naye, na bado ana mlango wa kubisha. Ukaribu wa nasaba hauondoi faragha.

Wazee wetu wa pwani waliifahamu hukumu hii, wakaijenga kwa mawe. Anayetembea katika magofu ya Gede, kusini kidogo ya Malindi, ataona jinsi mtu anavyoingia kwanza uani, kisha katika chumba kirefu cha wageni, ndipo vyumba vya ndani. Na katika mila yetu mgeni hubisha hodi, akangoja akaribishwe. Barazani ni pa kila mtu, ukumbini ni pa jamaa, na ndani ni pa wenyewe.

Imepokewa kwamba Abu Musa al-Ash'ari alibisha mara tatu kwa Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu awawie radhi, asipojibiwa akaenda zake, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyofundishwa na Mtume. Kubisha si desturi tupu: mwenye nyumba ana haki ya kutofungua, na anayebisha ana wajibu wa kurudi.

Na wanazuoni wamepokea kisa kingine cha Umar. Usiku mmoja alisikia sauti za ulevi, akapanda ukuta, akamkuta mtu na kilevi chake. Mtu yule akamjibu kwamba yeye amekosa kosa moja, lakini Amirul Muuminina amekosa matatu: amepeleleza na Mungu amekataza kupeleleza, amepita ukutani na Mungu ameamrisha kupita milangoni, na ameingia bila ya ruhusa wala salamu. Umar akamwacha. Ikiwa khalifa, mwenye mamlaka yote ya mji, alikubali kukosolewa na mlevi juu ya adabu ya mlango, sisi wa leo ni nani tupite mlango wa mtu kwa sababu ameukosea au ametuomba unga?

Sheria ya nchi inasema nini

Wengi wetu hudhani kwamba haya ni mambo ya dini tu. La. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inamlinda kila mtu asipekuliwe mwilini, nyumbani wala mali yake, asitakiwe kutoa habari za familia yake wala zisitangazwe pasipo haja, na mawasiliano yake yasiingiliwe. Kisha mwaka 2019 ikapitishwa Sheria ya Ulinzi wa Data, ikaundwa na ofisi ya Kamishna wa kuisimamia.

Sheria hiyo inazitaja habari zinazohitaji hadhari zaidi. Miongoni mwake ni hali ya afya, imani, mali, hali ya ndoa, na habari za familia yakiwemo majina ya watoto na wazazi. Tulipoisoma orodha ile, tulitahayari. Karibu kila safu ya orodha yetu ya wajane ilikuwa imetajwa humo. Ujane ni hali ya ndoa. Idadi ya mayatima ni habari ya familia. Tuliyadhania ni maandishi ya kawaida ya madrasa, kumbe ni amana nzito kisheria kama ilivyo nzito mbele ya Mungu.

Wala msidhani sheria hii imelala kabatini. Mwezi wa Septemba 2023 Kamishna aliwatoza faini watu wa sampuli tatu. Shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mahali pamoja pa starehe palitozwa shilingi 1,850,000 kwa kumtangaza mteja bila ridhaa yake. Na kampuni moja ya kukopesha kwa simu ilitozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu ilizozipata kwa wengine, kisha kuwasumbua kwa simu na vitisho. Anayeendesha madrasa, chama cha akina mama au kikundi cha kusaidiana, ajue kwamba daftari lake nalo linahusika. Mtoto wa Maulidi aliyevaa kanzu nyeupe anapendeza pichani, lakini picha ile ni yake na ya mzazi wake.

Haki ya kujua

Hata hivyo, faragha si pazia la kila kitu. Wako wanaoipenda sitara kwa sababu inawafichia uovu. Hapa dini imeweka mpaka ulio wazi.

Bibi Fatima bint Qays alipoposwa na watu wawili, alikwenda kutaka shauri kwa Mtume, rehema na amani zimshukie. Mtume hakumwambia kwamba kuwasema watu ni kusengenya. Alimweleza kwamba Muawiya hana mali, na Abu Jahm ni mkali kwa wanawake, kisha akamshauri aolewe na Usama bin Zayd. Kutokana na hadithi hii na mfano wake, Imam Nawawi ameorodhesha hali sita ambazo kumtaja mtu kwa aibu yake kunaruhusiwa, zikiwemo kushitaki dhuluma, kutaka fatwa, na kumwonya mtu asidhurike. Basi mzazi anapokuja kutuuliza habari za kijana anayemposa binti yake, na sisi twajua kwamba kijana yule humpiga mke wake wa kwanza, kunyamaza si adabu. Tutamwambia kile kinachohusu ndoa. Lakini hatutamwambia madeni ya baba yake kijana, wala maradhi ya dada yake, kwa sababu hakuyauliza na hayamhusu.

Na aliyeshika mali ya watu hana siri juu ya mali hiyo. Mtume alipomtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka, akarudi akisema hii ni yenu na hii nimezawadiwa, Mtume alipanda mimbari akalieleza jambo hilo mbele ya watu, akauliza kama angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake zawadi hiyo ingemjia. Hesabu ya amana ilisomwa hadharani.

Katiba yetu nayo, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 imeeleza njia yake. Mwananchi huandika ombi kwa ofisi husika, nayo yapaswa kujibu ndani ya siku 21. Ikiwa habari inagusa uhai au uhuru wa mtu, jibu latakiwa ndani ya saa 48. Ofisi ikikataa, kuna pa kulalamika, nako ni kwa Tume ya Haki ya Utawala. Mama wa Kilifi anayetaka kujua dawa za zahanati zilinunuliwa ngapi, au fedha za basari za kata yake ziligawanywa kwa kipimo gani, haombi fadhila. Na ofisa akimjibu kwamba hiyo ni siri ya ofisi, amwombe aiandike kauli hiyo kwenye karatasi na kutia saini.

Wafadhili wetu basi walikuwa na haki ya kuuliza. Kosa letu halikuwa kuwajibu. Kosa letu lilikuwa kuwapa kuliko walichokihitaji.

Usalama wa mji, na kovu la Shakahola

Tunafika penye uzito zaidi. Hakuna mtu wa Malindi asiyelijua jina la Shakahola. Mwezi wa Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu ule ulio upande wa bara kutoka mjini kwetu, na idadi ya miili iliyotolewa ikapita 400, wakiwemo watoto wengi. Mhubiri anayeshitakiwa pamoja na wenzake, kesi yao iko mahakamani, nasi tunaiacha mikononi mwa mahakama. Lakini inajulikana kwamba mwezi wa Machi mwaka huo huo alikuwa amekamatwa kuhusu vifo vya watoto wawili, akaachiliwa kwa dhamana, na kwamba jamaa za waliopotea walikuwa wamekwisha kupiga kelele.

Hapo tunaona hatari ya upande wa pili. Wale watoto nao walikuwa nyuma ya mlango. Ilikuwa ni nyumba ya mtu, imani ya mtu, shamba la mtu. Lau kila jirani angesema kwamba hayo ni mambo yao ya ndani, na kila ofisa angesema kwamba hana ruhusa ya kubisha, makaburi yangezidi. Faragha iliwekwa ili kumlinda mwanadamu aliye ndani ya nyumba. Ikiwa aliye ndani anauawa kwa njaa, mlango haulindi tena kitu, na kuubomoa ni ibada.

Lakini tukio hilo hilo lina somo jingine. Ili kuitambua miili, serikali iliwaomba jamaa watoe vinasaba, yaani DNA. Watu walikuja kutoka pande nyingi za nchi, wakatoa kwa hiari, na mwezi wa Machi 2024 familia za kwanza zikaanza kukabidhiwa maiti wao. Linganisheni na jambo la mwaka 2019. Serikali ilipoanzisha Huduma Namba, sheria ilikuwa imeruhusu wananchi wote wachukuliwe vinasaba, na makazi yao yapimwe kwa setilaiti. Wanubi wa nchi hii, Waislamu wenzetu ambao kwa miaka mingi wametaabika kupata vitambulisho kama wanavyotaabika wengi wa pwani, walikwenda mahakamani kupitia Nubian Rights Forum pamoja na watetezi wengine wa haki. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ilikataza kuchukuliwa vinasaba na vipimo vile vya makazi, na ikaizuia kazi yenyewe isiendelee mpaka iwekwe kanuni madhubuti ya kuzilinda habari za watu.

Kitu ni kile kile, vinasaba vya mwanadamu. Huku vilikuwa rehema na kule vilikuwa uvamizi. Tofauti ni ipi? Huku aliyeomba alijulikana, haja yake ilijulikana, aliyetoa aliridhia, na kilichoombwa kilikuwa kiasi cha haja. Kule viliombwa vya watu wote, kwa haja ambayo haijatokea, viwekwe mahali ambapo ulinzi wake haujajengwa.

Dola yenye haki hutafuta jambo maalumu. Katika mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume alipokuwa akijiandaa kwenda Makka, alijulishwa kwamba kuna mwanamke njiani amebeba barua ya siri kwa Makuraishi. Akawatuma Ali, Zubayr na Miqdad mahali panapoitwa Rawdat Khakh, wakamkuta yule yule, naye akaitoa barua katika misuko ya nywele zake. Hawakupekua misafara yote. Hawakuwavua nguo wanawake wa Madina. Na mwandishi wa barua, Hatib bin Abi Balta'a, aliitwa akaulizwa, akasikilizwa udhuru wake kwamba aliihofia familia yake iliyokuwa Makka. Umar alitaka akatwe kichwa, Mtume akamsamehe. Habari ya hakika, mtu maalumu, mamlaka halali, na kusikilizwa: nguzo nne za upelelezi wa haki zimo katika kisa kimoja.

Ummu wetu wa pwani umeonja uchungu wa nguzo hizo kukosekana. Tunakumbuka Februari 2014, polisi walipoingia Masjid Musa kule Mombasa na vijana zaidi ya 100 wakakamatwa kwa mkupuo. Tunawajua mama ambao wana wao walichukuliwa na watu wasiojitambulisha, na wakizunguka vituoni huambiwa hapana habari. Yaani dola yataka kujua kila kitu cha nyumba yao, na nyumba haijui hata mwanawe amelala wapi. Ni mizani iliyoinama. Baada ya Mpeketoni na mauaji mengine ya mwaka 2014, Bunge lilipitisha sheria kali za usalama, na Februari 2015 Mahakama Kuu ikabatilisha vifungu vinane vyake, ingawa iliviacha vile vya kusikiliza mawasiliano kwa ajili ya kuzuia ugaidi. Ugaidi ni uovu, na damu ya Mpeketoni ni damu ya majirani zetu. Lakini anayetaka watu wamletee habari kabla ya msiba, na awe mtu ambaye wataamini kumpa. Mama aliyejibiwa kwa kebehi kituoni hatarudi kusema kwamba amemwona mwanawe akibadilika.

Masuala matatu mlangoni

Kwa hayo yote, tumejifunza kumuuliza kila anayetaka habari masuala matatu. Wewe ni nani? Unaitaka kwa haja gani? Na haja hiyo inatimia kwa kiasi gani? Masuala haya yanafaa kwa mzee wa nyumba kumi anayeuliza nani amehamia kwako, kwa askari wa lango anayetaka kuzuia kitambulisho chako, kwa programu ya simu inayotaka kusoma majina ya marafiki zako wote ili ikukopeshe shilingi 500. Mwaka 2023 maelfu ya Wakenya walipanga foleni kupigwa picha ya mboni za macho na kampuni ya Worldcoin kwa malipo ya takriban shilingi 7,000. Serikali ikasimamisha shughuli hiyo mwezi wa Agosti, na mwezi wa Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru habari zile zifutwe. Wengi waliopanga foleni hawakuuliza hata suala moja kati ya haya matatu. Jicho halibadilishwi kama nambari ya siri.

Nyumbani nako masuala haya yana kazi. Mume asipekue simu ya mkewe kwa dhana tupu, wala mke asipekue ya mumewe. Surat al-Hujurat, aya ya 12, imekataza dhana na upelelezi kwa pamoja, kwani hii huzaa ile. Mtoto ni jambo jingine, kwa kuwa mzazi ni mchunga na ataulizwa. Mzazi aijue simu ya mtoto mdogo na anaozungumza nao, lakini afanye hivyo kwa kumwambia, asimdukize kama mwizi. Katika arusi zetu, mama wenye shughuli watangaze mapema kwamba ukumbi wa wanawake hauna kupiga picha, na simu ziwekwe mkobani. Dada aliyevua buibui lake mbele ya wanawake wenzake hakulivua mbele ya dunia. Na kwa wakala wa M-Pesa, andikeni kinachotakiwa katika kitabu na kuondoka, msisome nambari kwa sauti mbele ya waliopanga foleni.

Kuna jambo moja ambalo halina siri kabisa. Mtoto akidhulumiwa mwili wake, awe aliyemdhulumu ni mjomba, jirani, au mwalimu wa madrasa, hapana sitara hapo. Wazee wakikaa ukumbini wakalimaliza kwa mahari na maneno ya aibu ya ukoo, wamemsitiri mkosaji na kumvua mtoto. Mpelekeni hospitali kwanza, kisha polisi. Simu ya msaada wa watoto ni 116, na ya wanaopigwa au kunajisiwa ni 1195, na hazilipiwi. Hata jina la mtoto huyo lifichwe kwa majirani wote, lakini kisa chake kifike kwa hakimu.

Tulivyoirekebisha orodha

Mtasema, na yule mama? Tulikwenda kwake pamoja na mke wetu, tukamwomba radhi mbele ya kaka yake. Tulifuta picha tulizokuwa nazo, tukawaomba viongozi wa vikundi wafute, na walio wengi walikubali. Yaliyosambaa zaidi ya hapo hatuna uwezo nayo, na tutaulizwa. Alibadilisha nambari yake ya simu. Hilo lilimgharimu wateja wake wa mahamri, kwa sababu walikuwa wakiagiza kwa nambari ya zamani.

Sasa madrasa ina daftari moja, limo katika saduku lenye kufuli, na ufunguo uko kwa mama mmoja mwaminifu wa kamati. Kila familia ina nambari. Wafadhili hupewa hesabu: familia ngapi, kilo ngapi, shilingi ngapi, pamoja na risiti za duka. Mfadhili akitaka kuhakikisha, humtuma mtu mmoja anayejulikana, akaona daftari na kuzuru nyumba ambazo wenyewe wameridhia, kisha akarudi bila nakala. Hakuna picha. Mwanzoni tulihofu kwamba wafadhili watakimbia. Mmoja aliacha. Waliobaki walituambia kwamba nao hawakupenda zile picha, ila walidhani ndivyo inavyofanywa.

Na yule afisa, tulimwambia kwamba ikiwa yuko mtu anayemtafuta, alete barua yenye jina na sababu, nasi tutamsaidia kwa tunalolijua. Daftari zima hatuna ruhusa ya kulitoa, kwani si letu. Alitusikiliza, akanywa kahawa yake, akaondoka kwa salama. Barua haijaletwa mpaka leo.

Sayyidna Hudhayfa alipewa na Mtume majina ya wanafiki wa Madina. Khalifa Umar mwenyewe alimjia, na alichothubutu kumuuliza ni kama yeye Umar yumo. Hudhayfa akamjibu hapana, na kwamba baada yake hatamjibu mtu mwingine. Majina yale alikwenda nayo kaburini. Alijua siri ile ni ya nani, na kwamba yeye ni mbebaji tu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu asitiri aibu zetu na za wanawetu, atupe ulimi wa kusema panapopasa kusema na mdomo wa kufumba panapopasa kufumba, awape viongozi wetu uadilifu katika ulinzi wa mji, na awarudishe salama majumbani waliopotea. Amin.

Wabillahi tawfiq.